Kizunguzungu baada ya wimbo wa pili: kwa dada wa Kisumu anayepiga mluzi na glasi

"Mimi ni msichana wa miaka 24, niko Kisumu. Nimepiga mluzi tangu darasa la nne na sasa kama miaka miwili hivi watu wananiita kwa harusi na bathdei, napiga nyimbo za kanisa na zile za zamani, kibodi iko nyuma yangu. Shida ni kwamba wimbo wa kwanza unaenda poa, wa pili kichwa kinaanza kuzunguka, vidole vinafanya ganzi na midomo inakuwa kama si yangu, alafu inatoka hewa tupu badala ya sauti. Mwezi uliopita nilienda kupiga Nakuru ikawa mbaya zaidi, karibu nianguke. Nikaona niongezee glasi za maji ndio nipumzishe mdomo. Niko nazo nane, nazisugua na kidole, lakini nikizituni nyumbani nikifika ukumbini hazikubaliani na kibodi. Jamaa wa kibodi anasema nikiongeza maji sauti inapanda, mimi naona inashuka. Yeye tena ndiye aliniambia hizo glasi ziliwatia watu wazimu huko Ulaya hadi wakaacha kuzicheza. Nyanya yangu naye hataki kusikia mluzi kabisa, anasema msichana hapigi mluzi, na usiku ndio kabisa, unaita nyoka. Je, niache mluzi nibaki na glasi? Ninunue maiki ya bei? Ama niende hospitali kwanza?"

Dadangu, asante kwa kuandika kila kitu vile kinatokea na kwa mpangilio wake, kwanza kichwa, alafu vidole, alafu midomo, alafu sauti inapotea. Huo mpangilio ndio umenipa jibu. Nimefundisha watu kuimba na kupuliza ala miaka mingi huku magharibi mwa Kenya, na nikikusoma naona mtu anayeogopa kwamba mwili wake umekataa mluzi, sasa anatafuta glasi ziwe mlango wa kutokea. Mimi naona mwili haujakataa kitu. Unapuliza hewa nyingi kupita kiasi, na karibu kila shida uliyotaja upande wa mluzi inatoka hapo.

Watu wengi wakisikia kizunguzungu wanadhani wamekosa hewa, kwa hivyo wanavuta pumzi kubwa zaidi, na hapo ndipo wanajimaliza. Kwa mtu anayepuliza mfululizo kawaida ni kinyume. Oksijeni iko ya kutosha, kile kimepungua ni kaboni dayoksaidi. Tumezoea kuiita hewa chafu, lakini mwili unahitaji kiasi fulani chake ndani ya damu. Ukivuta pumzi kubwa na kupuliza kwa nguvu, vuta tena, puliza tena, dakika nne tano bila kutulia, unaitoa haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikishuka, mishipa ya damu inayoenda kwa ubongo inajibana, ndio kichwa kinazunguka. Damu nayo inabadilika kidogo, neva zinakuwa na wasiwasi, ndio unasikia ganzi na kuchomwachomwa, na angalia ni wapi: kwa ncha za vidole na kuzunguka mdomo. Midomo ikishakuwa hivyo inakaza, haiwezi tena kushika kale katundu kadogo ka mluzi, sauti inageuka hewa. Na wewe ukisikia sauti inapotea mbele ya watu mia mbili unafanya nini? Unapuliza zaidi. Sasa umeelewa kwa nini wimbo wa pili ndio unakuangusha na si wa kwanza.

Nakuru ilikuongezea kwa sababu mji uko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na Kisumu ni kama 1,130. Ukipanda huko mwili wenyewe unaanza kupumua kidogo zaidi bila kukuuliza, kwa hivyo ulianza kupiga ukiwa tayari umeshasogea karibu na mpaka. Ongeza baridi ya asubuhi na upepo mkavu kwa midomo, ongeza wasiwasi wa mahali pageni.

Ikikushika tena jukwaani, acha kupiga, mwachie kibodi mistari miwili, funga mdomo na upumue kwa pua polepole, pumzi ndogo, ukihesabu nne ukitoa. Usivute pumzi kubwa. Kawaida itapita kwa dakika chache. Na ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi tafadhali uache, kama shida yako siku hiyo ni kitu kingine, pumu kwa mfano, huo mfuko unaweza kukudhuru.

Ulisema karibu uanguke, na hapo siwezi kukubahatishia kupitia simu. Nenda kliniki upimwe, hata kama naamini chanzo ni upulizaji. Omba wakupime damu, kwa sababu upungufu wa damu kwa wasichana wa umri wako ni jambo la kawaida sana na unaleta kizunguzungu hiki hiki, na huku kwetu tuko na malaria na selimundu ambazo zote zinakula damu. Wapime presha pia. Waeleze kwamba inatokea ukipiga mluzi tu, ama pia ukipanda ngazi, ama ukisimama ghafla kutoka kitandani, hiyo tofauti itawasaidia kuliko kitu kingine. Ikitokea umezimia kweli, ama moyo unadunda ovyo ukiwa umekaa tu, ama kifua kinauma, usingoje wikendi iishe. Na kuna moja nataka uikumbuke maisha yako yote kama mpiga mluzi: siku ukiamka upande mmoja wa midomo haushiki, ukicheka mdomo unaenda kando, ukipiga mluzi hewa inavujia upande mmoja, hiyo si uchovu. Daktari akitaka kujua kama neva ya uso inafanya kazi anaweza kukuambia upige mluzi. Inaweza kuwa neva yenyewe imevimba ama inaweza kuwa kiharusi, na zote mbili ni za hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa mluzi wenyewe. Chukua chupa ya soda ya glasi, tupu. Iweke chini ya mdomo upulize juu ya shingo yake, inatoa sauti nzito kama honi ya meli. Kitu kinachotetemeka hapo ni hewa iliyo ndani ya chupa. Mdomo wako ukipiga mluzi ni hiyo chupa. Hewa inapita kwa katundu ka midomo, inajikunjakunja pale mlangoni, na chumba kilichoko nyuma, kati ya ulimi na meno na mashavu, ndicho kinaamua ni noti gani itatoka. Ulimi ukienda mbele na juu chumba kinakuwa kidogo, noti inapanda. Ulimi ukirudi nyuma chumba kinakuwa kikubwa, noti inashuka. Jaribu kunong'ona "u" alafu "i" utasikia hiyo hewa ikipanda yenyewe. Midomo inafungua mlango tu, kazi ni ya ulimi. Wengi wenu mliojifunza wenyewe shuleni mlijifunza kupandisha noti kwa kupuliza zaidi, na inafanya kazi kwa noti moja mbili, lakini ni ghali mno.

Nilikuwa na kijana mmoja Kakamega alikuwa na shida yako kabisa, akifika koras mishipa ya shingo inasimama. Usiku mmoja stima ilikuwa imepotea tukawasha mshumaa, nikamwambia akae karibu nao, urefu wa kiganja kutoka mdomoni, apige wimbo wake. Mshumaa ulizima kwa neno la kwanza. Tukauwasha tena. Ulizima tena. Tulifanya hivyo pengine mara ishirini, nikimwambia apunguze, apunguze, hadi ikafika mahali ule moto ulikuwa unainama tu kando kama mtu anayesikiliza, na sauti ilikuwa ile ile, kubwa vile vile, safi kuliko mwanzo, na yeye mwenyewe akaacha kupiga akaniangalia. Fanya hivyo kila jioni dakika kumi. Vuta nusu ya pumzi unayovuta saa hii, kwa pua, na kama umemaliza mstari na bado kuna hewa imebaki itoe polepole kwa pua kabla ya kuvuta nyingine, usirundike pumzi juu ya pumzi. Jifunze pia kupiga mluzi ukivuta hewa ndani, sauti itakuwa mbaya wiki ya kwanza lakini inakuja, na wapiga mluzi wengi wa jukwaani wanabadilisha, mstari mmoja nje, mwingine ndani, kwa hivyo wimbo unaenda bila pengo na hawapulizi sana upande mmoja.

Midomo yako yenyewe, fupi tu. Paka vaselini usiku ulale nayo, lakini saa ya kupiga ifute, kwa sababu kingo za katundu zinahitaji unyevu mwembamba na mafuta mazito yanazitelezesha. Lipstiki ile kavu ni adui. Usilambe midomo kila saa, mate yakikauka yanaikausha zaidi, kunywa maji mafunda madogo madogo badala yake. Na mazoezi ni dakika kumi na tano, pumzika, kumi na tano tena. Ile misuli ya kuzunguka mdomo inachoka kama mguu.

Haya, wewe na jamaa wa kibodi. Nafurahi kuwaambia mko sawa nyote wawili, mnaongea tu juu ya vitu viwili tofauti. Rudi kwa ile chupa ya soda. Tia maji hadi nusu, puliza juu ya shingo: noti imepanda, kwa sababu hewa ndani imepungua, na hewa kidogo hutetemeka haraka. Sasa chupa hiyo hiyo, na maji yake hayo hayo, igonge kando na kijiko: noti imeshuka. Ukigonga, kinachotetemeka ni glasi yenyewe, na maji yameishikilia kama mzigo, imekuwa nzito, inatetemeka polepole. Yeye anafikiria chupa ya kupuliza. Wewe unasugua glasi, na kusugua ni ndugu ya kugonga, kwa hivyo maji yakiongezeka sauti inashuka. Muonyeshe hiyo chupa mbele yake, itamaliza ubishi.

Na kidole kinavyofanya pale kwa ukingo umeshakiona maisha yako yote kwa orutu, ile fidla ya Waluo ya uzi mmoja. Upinde wa orutu unashika uzi, unauvuta kidogo, unateleza, unashika tena, mamia ya mara kwa sekunde moja. Kidole chenye maji kinashika ukingo wa glasi na kuteleza hivyo hivyo. Ndio maana mikono lazima iwe imeoshwa na sabuni ikasuuzwa vizuri, mafuta kidogo tu ya losheni ama ya chapati za harusi na glasi inanyamaza kabisa, watu wanadhani imeharibika.

Hiyo hadithi ya wazimu ni ya kweli kama hadithi, yaani watu waliisema kweli, lakini haina msingi. Glasi za maji zilikuwa maarufu sana London miaka ya 1740, hata mtunzi Gluck alicheza glasi 26 mbele ya watu huko mwaka 1746. Benjamin Franklin, yule yule wa Marekani wa radi na tiara, akaona mtu akicheza glasi za maji akapenda, na mwaka 1761 akatengeneza ala yake, mabakuli ya glasi 37 yaliyopangwa moja ndani ya nyingine kwa chuma kinachozungushwa na mguu, hakuna kutuni na maji tena, unalowesha vidole unagusa tu. Ndio ile wanaita amonika ya glasi. Mozart aliiandikia muziki mwaka 1791, akimwandikia mwanamke mmoja kipofu, Marianne Kirchgessner, aliyezunguka Ulaya akiicheza. Baadaye uvumi ukaanza kwamba inaharibu neva, inaleta huzuni, inatia wazimu. Franklin mwenyewe alikufa mwaka 1790 akiwa na miaka 84 na akili zake timamu. Kirchgessner alikufa akiwa hajafika 40 na watu wakalaumu ala, lakini kifo chake kilikuwa cha ugonjwa wa kifua. Wengine siku hizi wanasema ni madini ya risasi, kwamba glasi za kristali ziko nayo, na ni kweli kristali ya zamani inayo, lakini haiingii mwilini kwa ncha ya kidole kikiwa juu ya glasi. Wewe tu usilambe kidole ndio ukiloweshe, tumia bakuli la maji, na maji yaliyolala ndani ya glasi usinywe wala usimpe mtoto.

Kwa nini basi walisikia vibaya? Mimi naona ni sauti yenyewe. Ni laini sana, karibu haina mwanzo, na masikio yetu yanapata taabu kujua sauti ya aina hiyo inatoka upande gani, hasa ikiwa juu kama mitetemo 1,000 hadi 4,000 kwa sekunde. Unaisikia chumbani lakini huoni iko wapi. Mtunzi Donizetti mwaka 1835 aliichagua makusudi kwa ile sehemu ya opera yake ambapo bibi harusi amerukwa na akili, na hilo halikusaidia sifa yake. Ala yenyewe ilififia kwa sababu iko na sauti ndogo na kumbi zikaanza kuwa kubwa, na mabakuli yanavunjika safarini.

Kumbi kubwa na safari ndio shida yako pia. Kwanza niulize: jamaa wa kibodi anapiga kila wimbo kwa ki moja, yaani akianzia do pale pale? Sidhani. Anafuata waimbaji, wimbo huu ki ya G, ule ki ya F, na mara nyingine anabonyeza tu kitufe cha kuhamisha ki hata bila kujua sasa yuko wapi. Glasi zako nane ni do hadi do ya ki moja pekee yake. Haijalishi umezituni vizuri aje nyumbani, akihama ki zimekuwa za wimbo mwingine. Chagueni ki moja ya nyimbo zote za glasi, aseme kitufe chake kiko sifuri, na wewe utuni na kibodi yenyewe pale ukumbini, ama na apu ya kutuni kwa simu ikiwa kwa 440, kile kipimo cha kawaida cha noti ya A. Pili, maji. Hata ukibeba glasi na boda zikiwa tupu, ukitia maji ukumbini kwa kukisia umekosea. Bandika selotepu nyembamba nje ya kila glasi kwa mstari wa maji, tia hadi hapo, alafu malizia na bomba la sindano la mili kumi kutoka kwa chemisti, bila sindano yenyewe, tone baada ya tone. Subiri dakika tano vile vipovu vidogo vinavyoshika kando vitoke, vikitoka noti inasogea. Ukumbi ukiwa na joto na sherehe imechelewa, na zinachelewa, maji yanapungua, rudi uangalie kabla ya kupiga. Na utaona theluthi ya chini ya glasi haibadilishi noti sana, maji ya huko juu ndiyo yanaishusha kwa haraka, kwa hivyo glasi inayohitaji kujazwa karibu hadi ukingoni itakusumbua kila siku. Tafuta nyingine ambayo ikiwa karibu tupu iko tayari karibu na noti unayotaka.

Kutafuta glasi ni soko la Kibuye hapo Kisumu, Jumapili. Usinunue seti mpya ya dukani, glasi za seti moja zote zinalia noti moja na utabaki kupigana na maji. Beba chupa ndogo ya maji safi na kitambaa, osha kidole, na umuombe muuzaji ruhusa ujaribu kila glasi ya waini iliyo na mguu, ukishika mguu chini kabisa na mkono mmoja. Zile nyembamba ndizo zinaimba. Zile nene za chai na juisi hazikubali kidole hata ukae siku nzima, lakini nyingine ukizigonga na kijiti ziko sawa. Ipitishe kidole kavu kwa ukingo kwanza kutafuta mahali palipokatika, ukingo uliokatika utakukata ukisugua, na glasi yenye ufa inatoa sauti ya kukwaruza, hiyo achana nayo.

Na kabla hujadhani glasi ni kitu cha Ulaya pekee, kumbuka gitaa za huku kwetu. Abana ba Nasery, wale wa Bunyore, walikuwa na mmoja wao kazi yake ni chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mistari, anaikwaruza na chuma, na hiyo chupa ndiyo iliyobeba mwendo wa wimbo wote. Hiyo ni ala ya glasi iliyorekodiwa na kusikika hadi ng'ambo. Kama una mtu wa kukupigia chupa hiyo nyuma ya mluzi wako, mimi ningekuja kusikiliza.

Nyanya yako. Usibishane naye. Wazee wa jamii nyingi walikataza mluzi usiku, na ukifikiria, usiku wa bila stima mluzi ulikuwa ishara, mtu anamwita mtu gizani, na mwenye nyumba hajui ni nani wala anataka nini. Upande wa nyoka, hawana tundu la sikio la nje na wanasikia zaidi sauti nzito za chini, mluzi wako mwingi uko juu ya pale, kwa hivyo hawakuji. Lakini usimwambie hivyo kama unamrekebisha. Mpigie wimbo wake wa kanisa saa tisa mchana akiwa amekaa nje, polepole, ukimaliza nyamaza. Na kule matangani uliza wenye boma kwanza. Kuhusu msichana, miaka ya 1880 Mmarekani Alice Shaw alijaza kumbi za New York na London kwa mluzi na akalea binti zake kwa hiyo kazi, na mwanzoni mwa karne iliyofuata kulikuwa na shule nzima ya mluzi Los Angeles, mwalimu mkuu mwanamke, Agnes Woodward, na wanafunzi wengi wasichana. Wanaume nao wamekula kwa mluzi, yule Muitaliano Alessandro Alessandroni ndiye unayemsikia kwa zile filamu za kauboi zenye muziki wa Morricone. Ni kazi ya mwanamuziki, usiombe msamaha kwa kuifanya.

Maiki ya bei usinunue sasa. Ile ya kawaida ya kuimbia inatosha. Iweke chini kidogo ya mdomo na kando, urefu wa kiganja, hewa ipite juu yake isiingie ndani. Mwambie mtu wa saundi akate besi yote ya chaneli yako, mluzi hauna kitu huko chini, kinachoingia ni upepo tu. Na ongea naye kabla, tafadhali. Niliwahi kuona harusi moja mpiga mluzi anaanza na mtu wa saundi anarukia mashine anashusha kila kitu, kwa sababu spika zikianza kulia zenyewe zinatoa sauti safi nyembamba ya juu, na mluzi ni hiyo hiyo sauti. Hakuwa mbaya, hakuambiwa tu. Mfanyie moja kabla wageni hawajafika, ajue wewe ni wewe.

Kwa hivyo kuacha mluzi, hapana. Glasi nane ni mzigo, zinataka meza isiyotikisika, nusu saa ya kutayarisha na wageni walionyamaza, na harusi zetu unazijua. Kwa kanisa dogo ama jioni ya watu hamsini zitapendeza, hapo ziweke nyimbo mbili kati ya nyimbo za mluzi na mdomo utapumzika kama ulivyotaka. Mbele ya umati wa nje, mluzi peke yake. Ukikuta baada ya wiki sita za mshumaa bado sauti inakatika na kliniki wamesema damu iko sawa, tafuta mwalimu wa sauti ama wa filimbi akuone uso kwa uso, mtu anayeweza kukuwekea mkono mbavuni akaona unavuta pumzi ukitumia wapi, kuna makosa hayaonekani kwa maandishi.

Na kuna kitu kimoja cha kuanza nacho leo usiku, ama niseme leo saa kumi nyanya asikasirike. Chukua glasi moja tu, ile inayoimba vizuri zaidi. Isugue polepole kwa mkono mmoja, mdomo si uko huru, sasa piga mluzi noti hiyo hiyo, laini kabisa, kiasi cha kuinamisha mshumaa. Ukiwa karibu lakini hujafika, utasikia hewa inatetemeka kati ya sauti mbili, wou wou wou wou. Ukisogeza ulimi kidogo sana, huku pumzi ikibaki vile vile, hizo wou zinapungua, wou... wou... alafu zinaisha na huwezi tena kujua ni ipi ya glasi na ipi ni yako. Kaa hapo uhesabu hadi nane. Kama kichwa hakijazunguka, ongeza glasi ya pili.